Kumsoma Mhenga: Imani na Tabia Ndani ya Nyaraka za Ukoo

Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu watafiti wa koo,

Wengi mliopo hapa majina mnayo. Mnajua babu wa babu aliitwa nani, alioa wapi, na watoto wake walikuwa wangapi. Swali lililowaleta ni jingine: alikuwa mtu wa namna gani, na alisimamia imani gani? Chati ya nasaba hailijibu swali hilo hata ukiipanua hadi ifunike ukuta mzima.

Tuanze na jambo moja ambalo yote yatakayofuata yanaliegemea. Karatasi nyingi zilizotufikia ziliandikwa kwa sababu kulikuwa na kanuni, ya dini au ya serikali, iliyodai ziandikwe. Mtu aliyefanya kile ambacho kila mtu alilazimika kukifanya hajatuambia lolote juu ya moyo wake. Kwa hiyo kabla hatujauliza hati inasema nini juu ya mzee wetu, tuulize kanuni ya wakati ule ilimtaka kila mtu afanye nini. Pale alipozidisha, pale alipopunguza, pale alipokuwa na njia mbili akachagua moja na kulipa gharama yake, hapo ndipo anapoanza kuonekana.

Chukueni Uingereza. Sheria ya ndoa iliyoanza kutumika mwaka 1754 ilitaka ndoa ifungwe katika kanisa la Kianglikana ili itambuliwe na sheria. Waliosamehewa ni Waquaker, yaani Wakristo wa Jumuiya ya Marafiki, na Wayahudi peke yao. Hali hiyo ilidumu hadi 1837. Kwa hiyo Mkatoliki wa 1790 na Mbaptisti wa 1800, wote wawili utawakuta kwenye kitabu cha ndoa cha parokia ya Kianglikana. Mtafiti anayekiona kitabu hicho akaandika kwamba mababu zake walikuwa Waanglikana amesoma sheria ya nchi, hajawasoma mababu. Sasa linganisheni na Ayalandi. Sensa za 1901 na 1911 zilikuwa na safu ya dini kwa kila mtu, fomu ilijazwa na mkuu wa kaya, na picha za fomu hizo zinasomwa bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi. Hapo tunamsikia mtu akijitaja. Ila tuwe macho hata hapo: mkuu wa kaya alijitaja yeye na akawataja wengine wote waliolala humo. Dini ya kijakazi iliandikwa na mwajiri wake.

Kuna kazi moja isiyo na utamu ambayo lazima itangulie. Hakikisheni mtu mliyempata ndiye. Kosa la kumpa babu matendo ya mtu mwingine mwenye jina lake huharibu utafiti kuliko makosa mengine yote, na huwa haligunduliki, kwa sababu matendo mazuri tunayapokea bila kuyahoji. Dawa yake ni kuwakusanya wote waliobeba jina hilo mahali hapo, miaka ishirini kabla ya tukio na ishirini baada yake, kisha kila mmoja apewe ukurasa wake: jina la baba, la mke, makazi, kazi, mashahidi waliomzunguka. Aliyezikwa 1870 hawezi kumsimamia mtoto ubatizoni 1875. Wakibaki wawili msioweza kuwatenganisha, tendo hilo liwekeni kando lisubiri. Msimpe yule mnayempenda zaidi.

Baada ya hapo fungueni jedwali la mwendo wa maisha, na mlitumie hadi mwisho. Tarehe na mahali, tukio, chanzo. Halafu safu ambazo watu huzisahau: nani aliandika, aliandika miaka mingapi baada ya tukio, kanuni gani ilidai tukio hilo, na je, mhusika alikuwa na hiari? Safu hii ya hiari itabaki tupu katika mistari mingi, na ndivyo inavyotakiwa. Mistari sita iliyojazwa kwa haki inatosha kumfahamu mtu kuliko arobaini iliyojazwa kwa kubahatisha.

Tuingie kwenye vyanzo vyenyewe. Nitakaa zaidi kwenye vitabu vya parokia, kwa sababu ndimo wengi mnamoanzia, na ndimo watu wanamosoma haraka mno.

Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, uliwataka maparoko, mwaka 1563, watunze kumbukumbu za ndoa na ubatizo. Mwaka 1614 kitabu cha ibada cha Roma kikapanga vitabu vitano: ubatizo, kipaimara, ndoa, vifo, na kile kinachoitwa hali ya roho, ambamo paroko aliandika waumini wake kaya kwa kaya pamoja na sakramenti walizopokea. Hiki cha mwisho kikipatikana ni hazina, maana kinamwonyesha mtu akiwa nyumbani kwake, mwaka hadi mwaka, na si siku za sherehe tu. Kwa bahati mbaya hakikutunzwa kila mahali, na ndicho kilichotupwa upesi.

Kwenye kitabu cha ubatizo wengi husoma jina la mtoto na la wazazi, kisha hufunga. Rudini mkaisome safu ya wasimamizi. Mzee kuwasimamia watoto wawili au watatu wa ndugu zake ni jambo la kawaida. Lakini mkimkuta mara kumi na tano katika miaka kumi, na wazazi wa watoto hao si jamaa zake, basi kulikuwa na watu waliomwona anafaa kukabidhiwa malezi ya imani ya watoto wao. Huo ni ushahidi wa majirani wa wakati wake, uliotolewa bila kujua kwamba sisi tutausoma. Uhesabuni kikamilifu: pitieni kitabu chote cha miaka hiyo, andikeni kila msimamizi na idadi yake, muone mzee wenu yuko wapi katika orodha. Tahadhari iko moja. Katika makanisa machanga, katekista au mtunza sakristia alisimama kwa niaba ya wasio na mtu. Jina likijirudia katika kila ubatizo wa siku moja, mmekuta cheo chake. Si jambo dogo, ila ni habari ya aina nyingine.

Pambizoni pia kuna mali. Agizo la Roma la 1907, lililoanza kutumika Pasaka ya 1908, lilitaka ndoa ya mtu iandikwe pembeni ya ubatizo wake, hata kama ilifungwa parokia ya mbali. Kwa hiyo mtu aliyehama na kupotea anaweza kupatikana kwa kurudi kwenye ukurasa wa utoto wake. Na hapa niwaonye juu ya faharasa za mtandaoni. FamilySearch, iliyoanza 1894 kama Jumuiya ya Nasaba ya Utah, inafungua akaunti bure na imeweka mtandaoni picha nyingi za filamu ilizoanza kupiga mwaka 1938. Ni msaada mkubwa. Lakini faharasa mara nyingi huchukua jina, tarehe na wazazi tu, ikaacha wasimamizi, mashahidi na maneno ya pambizoni, yaani yale yale tunayoyatafuta sisi. Fungueni picha ya ukurasa wenyewe. Ikiwa picha imefungwa kwa anayetazama akiwa nyumbani, jaribuni kwenye kituo cha FamilySearch kilicho karibu. Nyingine hufunguka hapo tu.

Umri nao una mtego. Kabla ya 1910 watoto wa Kikatoliki mahali pengi walipokea komunyo ya kwanza wakiwa na miaka kumi hadi kumi na nne. Mwaka huo Papa Pius wa Kumi aliushusha umri hadi takriban miaka saba. Bibi aliyekomunika akiwa na miaka saba mwaka 1915 hakuwa mcha Mungu zaidi kuliko dada yake aliyengoja hadi kumi na miwili. Kanuni ndiyo iliyobadilika kati yao.

Kwa koo zilizoingia Ukristo kupitia misheni, swali la kanuni ni zito zaidi, kwa sababu ubatizo wa mtu mzima ulikuwa uamuzi. Mashirika hayakufanana. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe, huko Algiers mwaka 1868, aliweka sharti kwamba mtu mzima aandaliwe kwa miaka minne kabla ya kubatizwa. Aliyebatizwa kwa utaratibu huo alitembea kwenda mafundisho miaka minne, na kila wiki ya miaka hiyo alikuwa na nafasi ya kuacha. Lakini kanuni hiyo hiyo iliruhusu anayekaribia kufa abatizwe mara moja. Kwa hiyo tafuteni maneno ya Kilatini *in periculo mortis* au *in articulo mortis* kwenye mstari wake. Yakiwepo, hatuwezi kusema aliandaliwa. Pengine alipona, na kilichofuata baada ya kupona kwake ndicho cha kutafuta. Je, alirudi kufundishwa? Je, alifunga ndoa kanisani? Watoto wake wako kwenye kitabu?

Jambo la vitendo ambalo watu wachache hulifanya: nakilini majina yote ya waliobatizwa siku ile ile pamoja naye. Hao walikaa naye darasani. Vizazi vyao vinaweza kuwa na habari ambazo ukoo wenu umezipoteza, na watu wa nje ya ukoo hawana sababu ya kumpamba.

Lavigerie pia aliagiza kila kituo kiandike shajara ya kila siku. Humo mhenga wenu anaweza kuwepo bila kutajwa jina, kama mkatekumeni fulani, yaani mwanafunzi wa ubatizo, aliyefukuzwa kwao au seremala aliyejenga paa. Tumieni tarehe za jedwali lenu kumtafuta. Nyaraka za Church Missionary Society, shirika la misheni la Kianglikana, ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, na hizo zinataka jicho la kuchambua. Barua zilizoandikwa ili zisomwe na wafadhili hukuza ushujaa wa waongofu, maana ushujaa ulichangisha fedha. Barua kwa kamati na mihtasari ya vikao vya ndani ndimo yanamotajwa magomvi, walioacha, na walioonywa. Mkisoma upande mmoja tu mtapata malaika au mtapata mlevi, kulingana na faili mlilolifungua kwanza.

Sasa nyaraka za Kiislamu, na hapa kanuni ya kujua sheria kwanza inalipa kuliko popote. Mtu huuona mgawanyo wa mirathi, binti amepata nusu ya fungu la kaka yake, akahitimisha kwamba babu hakuwapenda mabinti. Babu hakugawa. Mafungu ya warithi yamewekwa na sheria, na kadhi aliyatekeleza baada ya mwenye mali kufa. Hiari ya marehemu iko kwingine. Iko kwenye wasia, ambao hauvuki theluthi ya mali na haumwendei mrithi ila kwa ridhaa ya warithi wengine. Iko kwenye zawadi alizotoa akiwa hai na mzima. Na iko kwenye wakfu. Basi msomapo, tengeni theluthi hiyo muiulize maswali: ilikwenda kwa yatima, kwa msikiti, kwa mtumishi, kwa mjukuu ambaye baba yake alitangulia kufa na hivyo akazuiwa na baba zake wakubwa au wadogo? Huyu wa mwisho ni alama nzuri sana ya babu aliyekaa akafikiri, kwa sababu bila wasia mjukuu wa namna hiyo angeweza kutoka mikono mitupu.

Hati ya wakfu isomeni hadi mwisho. Mwanzoni kuna sifa za Mwenyezi Mungu na dua ambazo karani aliziandika katika kila hati. Tabia ya mtu haipo hapo. Ipo kwenye masharti: nani anafaidika kwanza, nani msimamizi, mapato yatumikeje, na ukoo ukikatika mali iende wapi. Wakfu wa familia ulikuwa ibada, na pia ulikuwa njia ya kuzuia shamba lisikatwe vipande na warithi. Nia zote mbili zaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Vivyo hivyo hati ya kumwacha huru mtumwa: huenda ni huruma, huenda ni kafara ambayo dhambi fulani iliidai, huenda ni nadhiri. Kama hati haikutaja sababu, nanyi msimtungie. Na ikiwa mzee alimiliki watu, hilo liandikwe kwa jina lake wazi, pamoja na majina ya wale watu kadiri yanavyopatikana. Nao wana vitukuu wanaotafuta.

Kuna safu ya Kiislamu inayofanana na ile ya wasimamizi wa ubatizo. Shahidi mbele ya kadhi alitakiwa awe mwadilifu, na katika mahakama za Dola la Uthmaniya majina ya mashahidi wa kikao yaliandikwa chini ya kila shauri. Mtu aliyeitwa tena na tena kushuhudia mambo ya watu wengine alikuwa na heshima yake, au alikuwa na kibarua mahakamani. Angalieni kama mashauri yanahusu mtaa wake na jamaa zake au ya kila aina. Ya kila aina yanaelekeza kwenye kibarua.

Tarehe za Hijria zigeuzeni kwa kikokotoo, kisha mkague kwa siku ya wiki. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo miaka 33 yake ni karibu 32 ya Kizungu. Mwaka 1300, kwa mfano, ulianza Novemba 1882. Na siku huanza magharibi. Kifo kilichoandikwa usiku wa Ijumaa kilitokea Alhamisi baada ya jua kuzama. Tofauti ya siku moja kati ya hati mbili mara nyingi ni hiyo, wala hakuna aliyekosea. Upande wa Kikristo nao una mtego wake: Uingereza ilianza mwaka mpya tarehe 25 Machi hadi mabadiliko ya 1752, na Waquaker walioandika miezi kwa namba waliita Machi mwezi wa kwanza. Anayesahau hayo atamzaa mtoto kabla ya ndoa ya wazazi, kisha atahubiri juu ya maadili yao.

Wosia wa Kikristo wa zamani huanza kwa kuikabidhi roho kwa Mungu, maneno mazuri yanayoliza. Kabla hamjalia, tafuteni nyosia tano au sita zilizoandikwa na karani yule yule miaka hiyo. Maneno yakiwa ni hayo hayo, ni ya karani. Yakitofautiana katika wosia wa mtu wenu peke yake, mna kitu mkononi. Vinginevyo shukeni kwenye mgawo: nani aliachiwa kitabu, nani alisamehewa deni, nani alitajwa kwa shilingi moja tu.

Madeni, kwa kweli, ni chanzo kinachodharauliwa. Orodha ya wadaiwa wakati wa kifo humwonyesha mtu aliyekopesha majirani wengi kiasi kidogo kidogo bila dhamana, na humwonyesha pia aliyekopesha kwa rehani za mashamba hadi kijiji kikawa chake.

Kumbukumbu za nidhamu za makanisa huwatisha watu. Mabaraza ya wazee wa Kanisa la Uskoti yaliandika kwa karne kadhaa waliovunja Sabato, waliozini, waliotukanana. Picha za vitabu hivyo zinapatikana sasa kupitia ScotlandsPeople, tovuti ya kumbukumbu za Uskoti. Waquaker waliandika katika mihtasari yao ya mwezi waliotengwa kwa kuoa nje ya jumuiya yao. Kumbukeni vitabu hivi viliandika ugomvi, na siku za amani hazikuwa na mstari. Mtu mwenye kosa moja la mwaka 1780 aliishi miaka mingine sitini. Kinachosema zaidi ni kilichofuata: alikubali au alikataa, alirudi baada ya muda gani, na nani alisimama kumtetea. Mara nyingine anayekataa kukiri mbele ya baraza ndiye mwenye imani ngumu kuliko wote ukumbini.

Nyumbani nako mna nyaraka. Biblia au kitabu cha sala chenye kumbukumbu za ukoo kifungueni kwanza kwenye ukurasa wa uchapishaji. Kikiwa kilichapwa 1890 na kumbukumbu ya kwanza ni ya 1862, basi hizo za mwanzo zilinakiliwa baadaye kutoka kwenye kumbukumbu nyingine au kichwani. Kagueni wino na mwandiko. Kuzaliwa kwa watoto tisa kwa wino mmoja na mkono mmoja kuliandikwa siku moja. Kisha tazameni kitabu kilitumika vipi: kurasa zilizochakaa, mistari iliyopigwa chini, karatasi zilizochomekwa. Kila kilichochomekwa kipigwe picha pale pale kilipo kabla hakijaondolewa, maana ukurasa kilipokuwa ni sehemu ya habari. Kitabu ambacho hakijawahi kufunguka vizuri kwenye mshono ni habari pia.

Msilainishe karatasi kwa maji, msibandike gundi ya utepe, msifunike kwa plastiki ya moto. Mikono safi na mikavu inatosha kwa karatasi. Glavu za pamba hupunguza hisia za vidole na kurasa huchanika. Nyaraka zichanganuliwe kwa nukta 400 kwa inchi, picha ndogo kwa 600, na faili kuu liwe TIFF. Nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nyumba nyingine.

Kaburi nalipitia haraka. Maneno ya kaburini yalichaguliwa na waliobaki, na tanzia hali kadhalika. Ni ushahidi wa jinsi alivyokumbukwa. Jiwe lisilosomeka lipigwe mwanga wa pembeni kwa kioo, asubuhi au jioni. Chaki, povu la kunyolea na brashi ya waya viacheni, vinalila jiwe.

Wazee walio hai ndio chanzo kinachoisha upesi kuliko vyote, na ndicho tunachokiharibu kwa maswali mabaya. Ukimuuliza mzee, "Babu yako alikuwa mcha Mungu?" umekwisha mpa jibu. Atasema ndiyo, angesemaje vingine mbele ya mjukuu mwenye kinasa sauti? Uliza vitu vinavyoonekana. Saa ya sala alikuwa wapi? Aliyesali naye nani? Alipokasirika alifanya nini, na watoto walijuaje kwamba leo kuna hasira? Alikosana na nani, na walipatanaje? Mgeni akija bila taarifa ilikuwaje? Alipougua alimwita nani kwanza? Nani alimwosha na kumzika? Alipokosa fedha alikopa kwa nani? Kila jibu lifuatwe na swali moja la upole: Wewe uliliona, au uliambiwa? Uliambiwa na nani? Tofauti kati ya aliyeona, aliyeambiwa na aliyeona, na aliyepokea simulizi tu ni lazima ibaki kwenye maandishi yenu.

Kikao kisizidi dakika tisini. Wahojiwe mmoja mmoja kwanza, wa pamoja baadaye. Ukianza na kundi, mkubwa ataongea na wadogo wataafiki. Rekodini kwa WAV, kilohezi 48, kinasa kikiwa karibu na mdomo na mbali na feni. Na mruhusuni mzee kusema, "Kwa jambo hili, zima kinasa." Zimeni kweli.

Simulizi inayopendeza mno ipimwe. Kisa cha babu aliyemkemea mtawala akaanguka, au aliyeokoka kwa muujiza ule ule unaosimuliwa na koo tatu jirani, kina uwezekano wa kuwa kisa cha eneo zima kilichopata mwenyewe. Kiandikeni, mseme koo nyingine wanacho pia.

Kuna wahenga ambao hawakuwa na kitabu cha kuwaandika, kwa sababu imani yao haikuhitaji karani. Hawa mara nyingi huachwa kwa neno moja la afisa au mmisionari: mpagani, mchawi. Msilipokee neno hilo. Mtu aliyeitwa mchawi katika ripoti anaweza kuwa tabibu, mpiga ramli, mlinzi wa mahali pa ibada, au mpinzani wa kisiasa tu. Tafuteni alichofanya: mashauri ya mahakama ambamo alikula kiapo na aina ya kiapo hicho, ugomvi wa ardhi uliotaja makaburi au miti iliyotunzwa, majina aliyowapa watoto na matukio yaliyoyazaa, kazi aliyopewa katika mazishi na katika ukame. Imani yake inaonekana katika wajibu ambao watu walimwachia. Na ikiwa alibatizwa au alisilimu uzeeni, msiifute miaka sitini iliyotangulia kana kwamba alikuwa anasubiri.

Tunafika kwenye kuandika. Sifa yoyote ya tabia isimame juu ya vyanzo vitatu visivyonakiliana. Kitabu cha jubilei kilichonukuu shajara, na gazeti lililonukuu kitabu cha jubilei, hicho ni chanzo kimoja. Chini ya vitatu, andikeni tukio na muiache sifa: "Alisimamia ubatizo wa watoto kumi na tano kati ya 1921 na 1931" ni sentensi imara, "alikuwa mtu wa imani kubwa" inamtaka msomaji awaamini ninyi. Tumieni ngazi za uhakika na mzishike kitabu kizima: iliandikwa, inasimuliwa, inaelekea, haijulikani. Pale vyanzo vinapopingana, viwekeni vyote viwili na mseme mnaegemea upi na kwa nini.

Yale ya aibu nayo yana utaratibu. Linalomhusu aliyekufa zamani na halimgusi aliye hai, liandikeni. Linalomgusa aliye hai, uzazi wa nje ya ndoa, kuasiliwa, ugonjwa, kujiua, mwenyewe aulizwe kabla, na jibu lake likiwa hapana, lifungwe ndani ya bahasha yenye tarehe ya kufunguliwa. Kuacha jambo ni halali. Kuandika kinyume chake si halali, hata kwa ajili ya sherehe ya ukoo.

Nakala moja ya kazi yenu ipelekwe kwenye maktaba au hifadhi ya nyaraka, pamoja na jedwali na rekodi za sauti, na fomu ya ridhaa ya kila aliyehojiwa. Sababu si uzuri wa kitabu. Mtafiti wa baadaye atataka kukagua mlifikaje kwenye hitimisho lenu, na hawezi kukagua kwa kitabu peke yake.

Nimeambiwa tuna nusu saa ya maswali. Mliobeba nyaraka, naomba zibaki kwenye bahasha zenu hadi meza hii iondolewe vikombe vya chai, kisha tuanze na wenye mistari ya Kilatini, maana hao hufikiri ni wachache na huwa ndio wengi.